Biti Inayofumulika: Kuandaa Midundo kwa Ajili ya Jukwaa

Ndugu zangu, hamjambo. Nawashukuru waandaaji kwa kuniita, na nawashukuru ninyi nyote mliofika, hasa nyie vijana mliokuja na kompyuta zenu mgongoni.

Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa biti kwenye programu za muziki, pamoja na namna ya kupanga shoo inayopigwa moja kwa moja kwa programu hizo hizo. Tumezoea kuyatenga mambo haya mawili. Biti inapikwa chumbani kwa miezi, halafu shoo inapangwa siku chache kabla ya kupanda jukwaani. Mimi naamini ni kazi moja. Shoo nyingi za kompyuta zinazochosha watu hazikuharibikia jukwaani. Ziliharibika chumbani, saa ile biti inatengenezwa, kwa kuwa aliyeitengeneza hakufikiria kwamba siku moja atatakiwa kuifumua mbele za watu.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kasi ya BPM 100, yaani mipigo 100 kwa dakika. Nusu saa ya jukwaa kwa kasi hiyo ni mipigo 3,000, sawa na vipimo 750 vya mipigo minne minne. Ile lupu yako, kile kipande kinachojirudia, ya vipimo vinne unayoipenda, ukiiacha izunguke, itarudi mara 187. Hakuna lupu ya kuvumilika mara 187 bila kubadilika. Kompyuta haichoki, ila msikilizaji anachoka, na akichoka anageukia simu yake. Kwa hiyo mtu wa jukwaani anaanza na maswali matatu: kitu gani kitabadilika, kitabadilika lini, na mkono wangu utakibadilisha vipi huku mdundo unaendelea.

Fundi cherehani hodari, kabla ya kushona moja kwa moja, hupiga bandi: anashika kitambaa kwa uzi mrefu ulio rahisi kufumuliwa, ili nguo ikibana mahali aweze kuirekebisha bila kuchana. Biti ya jukwaani ipigwe bandi. Iwe imeshikana vizuri kiasi cha kuchezeka, lakini kila uzi uweze kuvutwa peke yake.

Tuangalie kwanza tulifikaje hapa, maana gridi, zile safu za visanduku tunazoziona kwenye skrini, ina wazazi wake. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Chini kabisa ilikuwa na safu ya vitufe 16, vimepangwa vinne vinne kwa rangi: vyekundu, vya chungwa, vya njano na vyeupe. Kila kitufe kilikuwa hatua moja ya kipimo. Ukibonyeza, pigo linakaa hapo. Ile gridi ya hatua 16 unayoikuta leo karibu kwenye kila programu ya biti ni mtoto wa safu ile. Na watu husahau kwamba mashine hiyo ilikuwa na kinobu cha sauti kwa kila ngoma, vyote juu ya uso wake. Mtu aliweza kuizima kiki, ile ngoma nzito ya chini, kwa vidole viwili huku haihati, yale matoazi madogo, inaendelea. Kilikuwa chombo cha kupigwa.

Mwaka huo huo wa 1980, Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake, LM-1, iliyotumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali. Linn ndiye aliyetupa pia swingi kwenye mashine, yaani kulichelewesha kidogo pigo la pili katika kila jozi, na nitairudia swingi muda si mrefu kwa sababu ina siri ndani yake. Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya pamoja iliyowezesha vyombo vya kampuni tofauti kuelewana na kwenda kwa saa moja, saa inayotoa mapigo 24 kwa kila mpigo wa muziki. Mwaka 1988 Linn akishirikiana na Akai alitoa MPC60, yenye pedi 16 za kugonga kwa vidole. Mwaka 1997 nchini Ubelgiji ikatoka FruityLoops, ambayo sasa tunaiita FL Studio, na safu ile ya hatua 16 ikaingia kwenye kompyuta za watu wa kawaida. Kila hatua ya safari hii iliongeza urahisi. Lakini mashine ilipogeuka kuwa picha kwenye skrini tulipoteza vinobu, na pamoja navyo tukapoteza mazoea ya kuigusa biti wakati inacheza.

Sasa tutengeneze kitu. Aliye na kompyuta afungue programu yake, yoyote ile. Gridi ya hatua 16, BPM 100.

Weka kiki kwenye hatua ya 1, ya 7 na ya 11. Weka sneya, ile ngoma kali yenye mlio mkavu, kwenye ya 5 na ya 13. Haihati iweke kwenye hatua zote zisizogawanyika kwa mbili: 1, 3, 5, hadi 15. Sikiliza. Inatembea tayari. Sasa tafuta sauti ndogo kavu, kijiti au kengele, uiweke kwenye hatua ya 1, 4, 7, 11 na 13. Huo ni mpangilio maarufu wa klave, vile vijiti vya kugonganisha vya Kuba, ule wa tatu-mbili, na ndio huo huo unaopigwa na kengele ya ngoma ya kpanlogo kule Ghana.

Hebu tazameni kilichotokea. Kiki iko 1, 7 na 11. Kengele nayo iko 1, 7 na 11, ikaongeza 4 na 13. Hivi ni vyombo viwili, kimoja kizito na kimoja chepesi, vinavyobeba mifupa ile ile. Maana yake nini jukwaani? Maana yake naweza kuiondoa kiki yote, ghafla, na watu wasipotee. Mwili unaendelea kujua mdundo uko wapi, kwa sababu kengele imeushikilia. Uzito umeondoka ila ramani imebaki. Na kiki ikirudi baada ya vipimo vinne, inatua mahali ambapo kila mtu ukumbini alikuwa ameshaitengea nafasi.

Hiki ndicho ninachokiita biti inayofumulika. Unapoweka sauti yoyote kwenye gridi, jiulize: nikiitoa hii, nani atabaki ameshika mifupa? Kama jibu ni hakuna, basi sauti hiyo umeifunga kwenye mnyororo na hutaweza kuigusa jukwaani. Nimesikia biti nzuri sana, zenye tabaka ishirini, ambazo ukitoa tabaka moja tu zinaanguka chini zote. Kwenye rekodi ni sawa. Jukwaani, mwenye biti hiyo atabonyeza kitufe cha kuanza na kusimama ameiangalia.

Twende kwenye nguvu ya pigo. Kwenye MIDI kila pigo lina nguvu yake, kuanzia 1 hadi 127. Programu nyingi hukupa 100 kwa kila pigo usipogusa kitu, na hapo ndipo biti inapopata ule ukavu wa mashine. Chukua haihati zako nane: zilizo juu ya mpigo zipe 95, zilizo katikati zipe 60. Tofauti inasikika papo hapo. Halafu ongeza sneya ndogondogo, za nguvu ya 25 au 30, kwenye hatua ya 8 na ya 10. Hazitasikika kama mapigo, zitasikika kama pumzi. Wapiga ngoma wa fanki wa Marekani walijenga majina yao hapo. Clyde Stubblefield, aliyepigia bendi ya James Brown, alikuwa na sneya hizo za chini chini, na vipande vya rekodi zake vimetumiwa na maprodyuza wengi hadi leo.

Kwa ajili ya jukwaa, sneya hizo ndogo ziweke kwenye traki yake, yaani njia yake ya sauti, usizichanganye na sneya kubwa. Chumbani utaona unajiongezea kazi. Jukwaani umejipatia kinobu cha joto: ukizishusha, biti inakuwa kali na yenye nafasi, ukizipandisha, inaanza kuchemka bila kuongeza chombo hata kimoja. Hadhira haitajua nini kimebadilika. Itajua tu kwamba imeanza kusogea zaidi.

Nilisema swingi ina siri. Kwa BPM 100, mpigo mmoja unachukua milisekunde 600, na hatua moja ya gridi milisekunde 150. Hatua mbili jirani ni milisekunde 300. Swingi ya asilimia 50 maana yake hatua ya pili iko katikati kabisa, kwenye 150. Ukiipeleka asilimia 58, hatua ya pili inasogea hadi milisekunde 174. Umeichelewesha kwa milisekunde 24 tu. Ukiipeleka hadi 66 hivi, inakaribia theluthi mbili, mtindo wa mapigo matatu matatu, na mdundo unaanza kurukaruka waziwazi. Sehemu tamu kwa sikio langu iko kati ya 54 na 60, pale ambapo mtu hawezi kusema biti imepinda lakini shingo yake inajua.

Shikeni hiyo namba 24, kwa sababu sasa inakuja bafa. Kompyuta haitoi sauti papo hapo, inakusanya kwanza vipande vidogo vya sauti, viitwavyo sampuli, na ghala hilo dogo ndilo bafa. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakula milisekunde 23. Mnaona? Bafa kubwa inachelewesha kidole chako kwa kiasi kile kile cha swingi ya asilimia 58. Mapigo uliyoyaandika kwenye gridi yote yanachelewa sawasawa, kwa hiyo yenyewe kwa yenyewe yako salama. Lakini pigo unalogonga kwa kidole kwenye pedi linakuja milisekunde 23 nyuma ya wenzake, bado hujahesabu ucheleweshaji wa kifaa cha sauti chenyewe. Kijana anakaa miezi anatafuta mguso wake wa swingi, halafu jukwaani anagonga sneya kwa vidole juu ya bafa ya 1,024, na anashangaa kwa nini biti inaburuta miguu. Shusha bafa hadi 128, ambayo ni karibu milisekunde 3. Kama kompyuta inakwaruza kwa 128, tatizo ni uzito wa mradi wako: geuza zile ala nzito ziwe sauti iliyorekodiwa, ondoa programu-jalizi, zile programu ndogo za nyongeza, usizozigusa, kisha jaribu tena.

Na kuhusu kwantaizi, yaani kuvuta kila pigo hadi kwenye mstari wa karibu, nina maoni makali. Ivute kiki. Sneya nayo ivute, ila iachie kidogo. Vingine vyote ulivyovipiga kwa mkono wako viache hivi hivi, mradi vinapendeza. J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006, alijulikana kwa kuacha mapigo yake yaelee nje ya gridi, na MPC yake leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, mjini Washington. Chombo cha biti kimewekwa makumbusho! Nalisema hili ili mjue kwamba ule mguso mdogo wa mkono, milisekunde kumi huku, ishirini kule, ni urithi wa kuheshimiwa. Usiufute kwa kitufe kimoja.

Sasa tupange shoo yenyewe.

Mwalimu mkubwa wa upangaji wa moja kwa moja, kwa maoni yangu, hakuwahi kugusa programu yoyote ya muziki. Ni King Tubby wa Kingston, Jamaika. Alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, na miaka ya 1970 aliichukua mikisa ya studio, ile mashine ya kuchanganya sauti, akaipiga kama ala. Wimbo ulikuwa umeshapigwa na kurekodiwa. Yeye alichofanya ni kutoa. Anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakiza neno moja likielea kwenye mwangwi. Anazima gitaa. Anaacha besi na ngoma peke yake, halafu anazima hata besi. Kwa kuondoa tu, alikuwa anatengeneza muziki mpya. Ukitaka kujua namna ya kupanga shoo kwenye kompyuta, sikiliza dabu, zile nyimbo zilizofumuliwa hivyo, za Jamaika za miaka ile, na kila kitu kinapotoweka jiulize kwa nini amekiondoa hapo na si kipimo kimoja kabla.

Programu za leo zimejengwa kwa fikra kama hiyo. Ableton Live, toleo lake la kwanza, lilitoka mwaka 2001 mjini Berlin, na nyuma yake walikuwepo watu waliokuwa wanapiga muziki wa kompyuta jukwaani wenyewe: Gerhard Behles na Robert Henke, waliokuwa pamoja katika kundi la Monolake. Ndani yake kuna uwanja wa visanduku. Kila safu ya wima ni traki, kila kisanduku ni klipu, na unaweza kuanzisha klipu yoyote wakati wowote, nayo inaingia kwa mdundo. FL Studio ina hali yake ya maonyesho, na Bitwig, iliyotoka mwaka 2014, ina uwanja wa namna hiyo pia. Chagua unayoijua. Sitaki kupoteza muda wenu kwenye ugomvi wa programu ipi ni bora.

Kinachonihusu ni neno lile nililosema, kwamba klipu inaingia kwa mdundo. Programu kwa kawaida husubiri mwanzo wa kipimo kinachofuata ndipo ianzishe klipu uliyoibonyeza. Kwa BPM 100 kipimo kimoja ni sekunde 2.4. Ukibonyeza kidogo tu baada ya mpigo wa kwanza, utasubiri karibu sekunde 2.4 nzima, na jukwaani, mbele ya watu, muda huo ni mrefu sana. Anayeanza hubonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, anaingiwa na hofu, anabonyeza klipu nyingine. Dawa yake ni mazoezi ya kubonyeza mapema. Hesabu moja, mbili, tatu, na kwenye mpigo wa tatu kidole kiwe kimeshamaliza kazi. Mpigo wa nne ni wako wa kupumua na kuangalia watu. Ukishaizoea hesabu hiyo, uso wako unabadilika, unaacha kuwa mtu anayehangaika na mashine.

Kwa klipu fupi za mbwembwe, zile ngoma za kujaza kabla ya kiitikio, punguza subira hiyo iwe mpigo mmoja au robo ya mpigo. Kwa klipu za besi na sauti kubwa, acha kipimo kizima. Programu nzuri inakuruhusu kuweka kanuni tofauti kwa kila klipu. Vilevile kuna mpangilio unaofanya klipu mpya iendelee pale ilipokuwa ya zamani, badala ya kuanza upya. Utumie kwa mistari mirefu ya besi. Ukiwa na besi mbili za vipimo vinne, unaweza kuruka kutoka moja kwenda nyingine katikati ya safari na zote mbili zikabaki zinajua ziko kipimo cha ngapi.

Traki ngapi? Mimi nashauri nane, na ikizidi hapo unganisha. Kiki peke yake. Sneya na makofi. Zile sneya ndogo tulizozitenga. Haihati na vijiti. Besi. Ala ya sauti za katikati, iwe gitaa au kinanda. Sauti za watu. Na ya nane iwe huru, kwa kitu utakachokichomeka usiku ule. Mikono ni miwili tu, na akili iliyo jukwaani hukumbuka kidogo kuliko akili iliyo chumbani. Nimeona wenzetu wananunua kontrola, kifaa cha kuiongoza programu kwa mikono, yenye pedi 64, nane kwa nane, inayowaka rangi zote, na wanapanda nayo wakiwa hawakumbuki pedi ya safu ya sita inafanya nini. Pedi 16 unazozijua gizani zina faida kuliko 64 unazozitafuta kwa macho.

Kila kinobu kipe kazi moja na kiwe nayo shoo nzima. Kama kinobu cha kwanza ni filta, yaani kichujio cha sauti, ya ngoma kwenye wimbo wa kwanza, kiwe filta ya ngoma hadi wimbo wa mwisho. Kazi ikihama kutoka wimbo hadi wimbo, mkono hautajifunza kamwe.

Kuna hila moja naipenda mno, nayo ni ya kuipa kompyuta sehemu ya kazi ya kubadilika. Si lazima kila lupu iwe ya hatua 16. Fanya kiki na sneya ziwe za 16, lakini zile kengele zifanye lupu ya hatua 12. Zitaanza pamoja, zitaachana, na zitakutana tena baada ya hatua 48, yaani vipimo vitatu. Ukizifanya za hatua 15, hazitakutana na kiki mpaka baada ya hatua 240, vipimo 15 kamili. Umeandika hatua 15 tu, ukapata vipimo 15 visivyojirudia, na mikono yako miwili iko huru kufanya mambo mengine. Hila hii ibaki kwenye sauti ndogo. Ukiipeleka kwenye kiki mbele ya watu wanaocheza, utawavuruga miguu, na hawatakusamehe.

Halafu kuna kimya. Kipimo kimoja cha kimya kamili kwa BPM 100, zile sekunde 2.4, kina nguvu kuliko ngoma yoyote unayoweza kununua. Zima kila kitu kwenye mpigo wa kwanza, acha mwangwi wa sauti ya mwisho uishe wenyewe, rudisha kiki na besi kwa pamoja kwenye mpigo wa kwanza unaofuata. Ukifanya hivyo mara moja kwenye nusu saa, watu watapiga kelele. Ukifanya mara nne, wataanza kukutabiria. Mimi hukiweka baada ya robo tatu ya seti, wakati watu wameshaamini kwamba mdundo hausimami.

Kuhama kutoka wimbo hadi wimbo kunawatesa wengi. Tofauti ya BPM nne au tano unaweza kuipandisha polepole ndani ya vipimo 16 na hakuna atakayegundua. Kutoka 96 hadi 128 huwezi kupanda hivyo, itasikika kama kaseti inayovutwa. Hapo ondoa ngoma zote, bakiza sauti moja ndefu isiyo na mdundo, badilisha kasi chini yake, ndipo uingize haihati mpya. Njia nyingine ni ya nusu: wimbo wa BPM 140 ukipigwa sneya moja kwa kila mipigo minne unasikika kama wa 70. Kwa hiyo nyimbo za 70 na 140 ni majirani, ingawa namba zinaonekana ziko mbali. Panga seti yako kwa ujirani huo, na angalia na ufunguo wa besi pia, kwa sababu besi mbili za funguo zinazogombana zikipishana kwa vipimo nane, hakuna ngoma ya kuficha hilo.

Kabla sijapanda hapa kijana mmoja aliniuliza kama kweli huku ni kupiga muziki, au ni kubonyeza tu. Nimefurahi ameuliza, na nataka nimjibu mbele yenu. Kupiga muziki ni kufanya uamuzi unaosikika, kwa wakati, na kuubeba ukikosewa. Mpiga gitaa anaamua nguvu ya kila uzi. Wewe unaamua lini kiki iondoke, ikae nje muda gani, irudi na nani. Kama maamuzi hayo yote uliyafanya nyumbani na jukwaani unasindikiza faili, basi hupigi. Kama unayafanya pale pale, kwa kuwatazama waliopo mbele yako, unapiga. Na wasaidieni watu waone: inamisha kontrola kidogo kuelekea ukumbini, shusha skrini isikufunike uso. Mkono ukionekana unageuza kinobu na sauti ikageuka, sikio linaamini haraka zaidi.

Mambo ya ufundi nayapitia haraka. Zima intaneti na taarifa zote za kompyuta. Zuia isilale. Beba chaja, usitegemee betri, kwa kuwa kompyuta nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Sauti zote ziwe ndani ya folda ya mradi, na nakala yake iwe kwenye diski nyingine. Besi na kiki ziwe katikati, zisitandazwe kushoto na kulia, maana kumbi nyingi zinaunganisha pande zote mbili kuwa moja na besi iliyotandazwa inaweza kufutika. Na acha nafasi ya desibeli sita hivi kwenye chaneli kuu. Fundi mitambo akitaka sauti kubwa ataiongeza mwenyewe.

La mwisho ni mazoezi, na hapa naomba mniazime masikio. Fanya zoezi la seti nzima, umesimama, bila kusimamisha, na programu irekodi kila kitu. Live, kwa mfano, inaandika kila klipu uliyoianzisha na kila kinobu ulichokigeuza kwenye mstari mmoja mrefu wa muda. Usisikilize siku hiyo. Kesho yake, funika skrini, sikiliza kwa masikio tu, ukiwa na karatasi. Andika alama kila mahali ambapo vipimo 16 vimepita na hakuna kilichobadilika. Kwa BPM 100 hizo ni sekunde 38 na zaidi. Andika alama nyingine kila mahali ambapo mabadiliko mawili yamegongana ndani ya vipimo viwili, maana moja kati ya hayo limepotea bure. Ukimaliza, rudi kwenye gridi. Pale palipolala, tafuta ni sauti gani ingeweza kuondoka na mifupa ikabaki. Kama haipo, biti hiyo bado haijawa tayari kwa jukwaa, na kazi yake iko kwenye zile hatua 16: hamisha kengele, gawanya sneya, punguza tabaka, kisha rudia zoezi zima tangu mwanzo.

Sasa naomba wenye kompyuta msogee mbele. Fungueni ile biti tuliyoiandika, kiki 1, 7 na 11, na kila mmoja atatoka hapa ameipiga kwa dakika tano bila kusimama.